KURUDI KWENYE HESABU UKIWA MTU MZIMA

Kuna jambo moja ambalo sisi tulio madarasani hatulifikirii sana. Tunadhani mtu akishamaliza kidato cha nne, basi, hesabu zimekwisha na kitabu cha jedwali kinatupwa juu ya kabati. Kumbe sivyo. Hapa kwetu pwani, kuanzia Malindi mpaka Kilifi, wapo vijana wa miaka ishirini na kitu wanaotaka kusomea uuguzi, umeme au ualimu, na mlangoni wanaulizwa: Hesabu ulipata nini? Wengine huufanya tena mtihani wa KCSE kama watahiniwa wa kibinafsi, wengine huchukua kozi ya kujazia. Wote wanalirudia somo lile lile walilolikimbia. Nitaeleza kurudi huko kukoje, manake nimekuona kwa karibu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana miaka 23. Asubuhi anauza mahamri na mbaazi, lakini moyo wake uko kwenye uuguzi. Karo ya kozi ya kujazia imetoka kwenye nazi za babu, na babu alisema wazi kwamba ni mara hii moja tu, hakuna ya pili. Basi jioni nikitoka shule tunakaa barazani na daftari.

Si kwamba dada hajui hesabu. Mteja akichukua mahamri 7 ya shilingi kumi kumi na mbaazi za hamsini, akatoa noti ya mia tano, dada humrudishia 380 papo hapo. Haandiki popote. Anasema kimoyomoyo, "Mia na ishirini, themanini ifike mia mbili, mia tatu ifike mia tano." Lakini mwandikie 500 − (7 × 10 + 50) uone! Anayatazama yale mabano kama mtu aliyekutana na nyoka njiani.

Hili si la kwetu peke yetu. Mwaka wa 1985 watafiti watatu walichapisha utafiti juu ya watoto wachuuzi wa mji wa Recife, nchini Brazil. Wakiwa kwenye biashara yao, wakiuza nazi na vitu vinginevyo, watoto wale walipata majibu sahihi karibu 98 kati ya kila 100. Walipopewa hesabu za namna hiyo hiyo kwenye karatasi, bila nazi wala mteja, wakapata kama 37 kati ya 100. Kwa hivyo anayerudi asianze kwa kujiita mjinga. Hesabu anazo, ila zinazungumza lugha ya sokoni, na mtihani unazungumza lugha nyingine. Kazi yake ya kwanza ni kutafsiri.

Chukua sehemu. Swali linasema ¾ ÷ ⅛. Kitabu kinakuambia geuza ile ya pili halafu uzidishe. Dada aliikariri kanuni hiyo shuleni, na siku alipoisahau ikapotea yote, maana haikuwa imeshikana na kitu. Nikamwambia, "Dada, una sukari robo tatu. Watu wanataka nusu robo, nusu robo. Wangapi watapata?" Akanijibu, "Sita. Hilo nalo ni swali?" Naam, nusu robo ndiyo hiyo ⅛. Hata wazee wetu walipoiita senti 50 sumuni, walikuwa wanatumia neno lenye maana ya sehemu moja ya nane.

Tukiwa hapo hapo, wanachama wa chama chetu wajue jambo hili. Katika shule za msingi za Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia mwaka wa 1967, nambari ya juu ya sehemu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Mimi naona maneno hayo yanaeleza vizuri kuliko yale ya Kiingereza tunayoyakariri. Asili inakuonyesha kitu kilikatwa vipande vingapi, kiasi kinakuonyesha umechukua vingapi. (Mwalimu wa hesabu asinikasirikie.)

Nambari hasi ni madeni, hazina siri kubwa. −8 − (−3) maana yake una deni la nane, mtu akakufutia deni la tatu. Limebaki la tano, yaani −5.

Aljebra ndiyo iliyomtoa dada machozi. Neno lenyewe ni la Kiarabu, al-jabr, na limetoka kwenye kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika mjini Baghdad yapata mwaka wa 820. Maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama mfupa unavyoungwa. Sasa tazama 3x − 7 = 20. Upande wa kushoto umevunjika, umepungukiwa na saba. Mrudishie saba zake, lakini hii ni mizani, ukiongeza huku ongeza na kule, isije ikalala upande mmoja. Inakuwa 3x = 27, basi x = 9. Wengi wetu huimba tu kwamba "ikivuka, alama inageuka", na ndiyo sababu miaka mitano baadaye hatukumbuki ni nini kilichovuka kwenda wapi. Halafu rudisha jibu lako ndani: 3 × 9 − 7 = 20. Hapa mtu mzima anatushinda sisi watoto wa shule, kwani ana subira ya kuhakikisha. Aliyezoea kuhesabu pesa mara mbili haoni taabu.

Na kwa muuguzi si suala la alama tu. Tuseme dawa fulani hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, na mtoto ana kilo 12. Anahitaji miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Basi 180 ÷ 120 × 5 = 7.5. Nukta ikiteleza hatua moja inakuwa 75, mara kumi zaidi. Nilipomwonyesha hivyo dada alinyamaza kitambo. Tangu siku hiyo sijamsikia akisema ati hesabu zitamfaa nini wodini.

Kuhusu haya ya umri, sioni kama kuna haja. Mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret mwaka wa 2004, akiwa na miaka 84, na miongoni mwa aliyoyataka ni kujua kuhesabu pesa. Dada aliona haya kufungua kitabu cha darasa la sita, lakini ndiko pengo lilikoanzia. Nusu saa kila siku imemsaidia kuliko Jumapili nzima, na mfano uliokwisha fanywa kitabuni huufunika kwa mkono, akaufanya upya mwenyewe.

Anayetaka kurudia KCSE yenyewe ajue mpangilio wake. Kuna karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Ya pili unachagua matano kati ya manane, kila moja alama 10. Kikokotoo kinaruhusiwa isipokuwa swali likikataza, nayo hukataza. Karatasi ya kwanza hutoka hasa kwenye kazi ya kidato cha kwanza na cha pili, kwa hivyo mwenye muda mfupi aanzie huko.