Kifua Kilichogongwa: Tusiseme "Hakuna Damu, Atapona"

Wamama na wababa wasomaji wetu, juma hili tuongee juu ya jambo tunaloliona mara nyingi mitaani. Mtoto ameanguka toka kwenye mti wa avoka, kifua kikagonga tawi. Kijana anateremka toka Kibumba na chukudu yenye magunia ya viazi, inamshinda, usukani unamgonga kifuani. Motari amegongana na gari. Watu wanakusanyika, wanaangalia: hakuna kidonda, hakuna damu. Wanasema, "Mungu asifiwe, ni pigo tu." Anakandwa na maji ya moto, anapelekwa kulala.

Lakini moyo unaweza kuumia bila ngozi kupasuka, hata bila ubavu kuvunjika.

Moyo unaumiaje?

Moyo wa mtu una ukubwa kama wa ngumi yake. Unakaa kati ya mfupa wa kifua, mbele, na uti wa mgongo, nyuma. Kifua kikigongwa kwa nguvu, moyo unabanwa katikati ya mifupa hiyo kama nyanya kati ya viganja viwili. Sehemu inayoumia zaidi ni chumba cha chini cha upande wa kuume, kinachosukuma damu kwenda mapafuni, kwa sababu ndicho kiko karibu zaidi na mfupa wa mbele. Kwa mtoto tuwe waangalifu zaidi: mbavu zake ni laini, zinapinda bila kuvunjika, na nguvu ya pigo inafika ndani.

Mara nyingi nyama ya moyo inavilia damu, kama vile mkono unavyovilia ukigongwa. Moyo uliovilia unaweza kupiga bila mpango au kusukuma damu kwa unyonge. Mara nyingine damu inavuja na kujaa ndani ya mfuko unaozunguka moyo. Hapo moyo unabanwa, hauna tena nafasi ya kujaa, na mgonjwa anaweza kufa upesi kama damu ile haikutolewa.

Dalili za kuangalia

Maumivu ya kifua yasiyopungua. Kupumua kwa shida. Moyo kwenda mbio au kurukaruka. Kizunguzungu au kuzimia. Jasho la baridi. Mishipa ya shingo kuvimba. Ukiona hata moja kati ya hizo, usingoje asubuhi. Na kama pigo lilikuwa kubwa, mpeleke hata akisema yuko muzima, maana hatari ya moyo kupoteza mwendo ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza.

Hospitalini uliza kama wana elektrokadiogramu, mashine inayoandika mwendo wa moyo, na ekografi inayoonyesha kama damu imejaa kando ya moyo. Njiani mgonjwa asitembee kwa miguu. Akipumua kwa shida, mkalishe akiegemea. Lakini kama alianguka toka juu, msimuinue ovyo. Mlaze kwenye ubao, shingo imenyooka. Asile wala asinywe, maana pengine atapasuliwa. Na kifua chake kisikandwe.

Anayeanguka papo hapo

Kuna pigo lingine, halihitaji hata nguvu nyingi. Mpira au kiwiko kikigonga mbele ya moyo katika nukta fulani ya pigo lake, nukta fupi kuliko kupepesa jicho, umeme wa moyo unavurugika. Moyo unatetemeka tu, hausukumi damu. Linawapata zaidi vijana wanaume, michezoni.

Tarehe 2 Januari 2023, kule Marekani, mchezaji Damar Hamlin, wa miaka 24, aligongwa kifuani uwanjani, akasimama, kisha akaanguka. Wahudumu walianza kusukuma kifua chake pale pale, wakatumia na mashine ya kushtua moyo. Alipona, na mwaka ule ule akarudi kucheza.

Sisi hatuna mashine hiyo kwenye viwanja vya masomo yetu, lakini mikono tunayo. Mtoto akianguka hivyo, haitiki wala hapumui vizuri, usimmwagie maji. Mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu kufika kina cha sentimeta 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Mwingine atafute gari. Mpokezane kila dakika 2, msiache mpaka apumue au mfike kwa daktari.

Neno la nyumbani

Si barabara na mpira tu vinavyogonga kifua. Kuna ngumi ya bwana kwa bibi yake, na teke la mkubwa kwa mtoto. Wengine wanaita hiyo kuadibu. Kifua hakijui kama aliyepiga ni adui au baba. Mama aliyepigwa kifuani naye apelekwe hospitali, na amwambie daktari ukweli wa kilichompata, siyo "nilianguka", ili atafutwe ugonjwa unaopaswa.

Kwenye mkutano wetu ujao, tumuombe muuguzi wa mtaa atufundishe kusukuma kifua, tukijizoeza juu ya mto. Mje na vijana wenu wa mpira na wa chukudu, nao wajifunze.