Shule, Zahanati na Mtoto wa Kijijini

Mara nyingi husemwa katika vikao vyetu kwamba siku hizi elimu ni bure na tiba ya mtoto ni bure. Kwa hiyo mzazi asiyempeleka mwanawe shuleni au zahanati ni mzembe. Usemi huo tunausikia hata mimbarani. Yafaa tuuchunguze, maana mhubiri anayekemea pasipo kuelewa humwongezea mzigo yule aliyekwisha kulemewa.

Ni kweli kwamba ada ya shule za msingi nchini Tanzania ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikafutwa hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikawa zamu ya kidato cha tano na cha sita. Hatua hizo zilijaza madarasa, wala hatuna sababu ya kuzibeza. Lakini ada ni sehemu moja tu ya gharama. Sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vimebaki mabegani mwa mzazi, na vyote hudaiwa Januari shule zinapofunguliwa. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Singida, Januari ndio mwezi ambao ghala limepungua, mbegu imekwisha kufukiwa ardhini, na palizi inahitaji kila mkono uliomo nyumbani. Mavuno huja Mei na Juni. Kaya isiyo na mshahara hudaiwa fedha wakati ule ule isipokuwa nazo. Mtoto huambiwa asubiri hadi tuvune; naye akifika darasani, wenzake wamekwisha kumwacha mbali.

Umbali nao ni gharama. Mtoto wa miaka saba hawezi kuvuka korongo lililojaa maji, na mzazi anayemzuia nyumbani siku hiyo ametenda kwa busara. Ndiyo maana tunazithamini shule shikizi, yaani madarasa ya watoto wadogo yanayojengwa karibu na vitongoji chini ya uangalizi wa shule mama. Mwaka 2021, kati ya madarasa 15,000 yaliyotengewa fedha za mpango wa kukabiliana na Uviko-19, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi.

Kuhusu tiba liko jambo ambalo, kwa maoni yetu, halizungumzwi vya kutosha. Serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, na watoto wa chini ya miaka mitano wakasamehewa. Sasa tazama hesabu yake: msamaha unakoma mtoto atimizapo miaka mitano, naye huingia darasa la kwanza akiwa na sita au saba. Hivyo katika kipindi kile kile familia inapoanza kununua sare, ndipo inapoanza pia kulipia dawa za mtoto huyo huyo. Malaria, minyoo na kichocho havijui umri wa msamaha. Hupunguza damu, na mtoto aliyepungukiwa damu husinzia darasani. Mwalimu humwona mvivu. Hatimaye humwona mtoro.

Tena msamaha wenyewe huishia pale dawa zinapoisha. Mama aliyeonwa bure na kuandikiwa dawa anunue dukani amepata ushauri, hajapata tiba. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001, ulikusudiwa kuziba pengo hilo. Katika mfuko ulioboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa mwenye mshahara fedha hizo ni kidogo. Kwa mkulima zinapatikana, endapo ataombwa Julai.

Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwataka waanzishe shule. Alieleza kwa nini wazazi hawawafundishi watoto: wapo wasiojali, wengi zaidi hawana ujuzi, na wapo wenye nia na uwezo, ila kazi za nyumbani haziwaachii nafasi. Kati ya sababu hizo tatu, ni ya kwanza tu iliyo uzembe. Wala hakuidharau kazi ya mtoto nyumbani: alipendekeza wavulana wasome saa moja au mbili kwa siku, kisha warudi kufanya kazi na kujifunza ufundi.

Na kanisa je? Hospitali zetu huwalipa wauguzi kwa sehemu kutokana na ada za wagonjwa, na shule zetu nyingi za sekondari zina karo ambayo mtoto tunayemjadili hataweza kuilipa. Hilo hatuwezi kulikwepa kwa kutaja historia ya misioni.

Liko lakini jambo moja lililo karibu na usharika, lisilohitaji mfadhili. Asiye na uwezo husamehewa gharama kwa barua ya uongozi wa kijiji. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na TASAF, nao hupata majina ya kaya kupitia mkutano wa kijiji, na sehemu ya ruzuku yake hutegemea mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Hao nao lazima kwanza watambuliwe. Bibi kizee alezaye wajukuu yatima, asiye na ndugu katika halmashauri ya kijiji, huenda akakosa mtu wa kumtaja siku hiyo. Mchungaji na mwinjilisti ni wakazi wa kijiji kama wengine, nao wana haki ya kuhudhuria mkutano huo na kunyosha mkono.