Kupanda Kiriri kwa Meno 22

Hapa Bujumbura, anayelala Buyenzi na kufanya kazi Kiriri hana pa kuukwepa mlima. Buyenzi iko kwenye tambarare ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita zipatazo 770 juu ya bahari. Kiriri iko ubavuni mwa milima, na ukisimama huko unauona mji wote hadi Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mimi ni karani wa shule huko juu. Tangu 2021, mafuta yalipoanza kuadimika nchini Burundi, kusubiri basi kukawa kazi ya pili isiyo na mshahara. Nikaitoa stoo baiskeli ya marehemu baba.

Katikati ya mji sipiti: Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji huko. Nazungukia Bwiza na Nyakabiga hadi Mutanga, penye chuo kikuu. Mpaka hapo unaweza hata kusalimiana na watu. Kutoka hapo kwenda juu, salamu ni za kichwa tu.

Fundi wa mtaani kwetu, kijana mwenye mikono myeusi kwa grisi, aligeuza baiskeli miguu juu, akahesabu meno kwa kidole.

"Mzee, gia hii ni ya tambarare. Mbele 44, nyuma 18. Mlima utakukataa."

Kwa hesabu hiyo, ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu. Akafunga gia ya nyuma yenye meno 22, na sasa linazunguka mara mbili kamili. Kwenye tambarare vijana wananipita wakicheka, na wana haki.

Faida yake iko hivi. Kupandisha mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 20 mita 100 kwenda juu ni kazi ile ile, uende mbio au taratibu. Ukitumia dakika 20 badala ya 10, miguu inadaiwa nusu tu kila dakika. Lakini kwa gia nzito huwezi kwenda taratibu: pedali zinagoma, baiskeli inayumba, unashuka.

Mwili nao hujipanga. Katika wiki za mwanzo maji ya damu huongezeka, moyo ukasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Jasho nalo huanza kutoka mapema, na hiyo ni dalili njema, ingawa shati la kazini lazima likae kwenye mfuko. Misuli ni mivivu zaidi, huchukua miezi.

Na kusukuma si aibu. Wanaoshusha ndizi na makaa kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu, ndio mabingwa wa baiskeli nchini, nao kupanda husukuma. Wengine hushika mkia wa lori, jambo ambalo mke wangu amenikataza kabla sijaliwaza.

Ninachokiogopa ni jioni. Breki zangu ni za raba, zinazobana rimu ya chuma, na chuma kikilowa raba inateleza. Unabana, baiskeli inaendelea na safari yake. Kwa hiyo mvua ikinyesha nashuka Kiriri kwa miguu, baiskeli mkononi, hadi Mutanga. Kukiwa kukavu nabana na kuachia, nabana na kuachia, rimu isipate moto, na raba nabadilisha kabla hazijaisha. Bei yake ni ndogo kuliko ya suruali.