Kalamu ya Rais na bei ya sokoni: nani hasa anaweza kubadili kodi?

MWAGIZAJI wa bidhaa hufuatilia bei ya dola, nauli ya meli na viwango vya ushuru. Ni wachache wanaofuatilia ibara za katiba, ingawa ndizo zinazosema nani anaweza kubadili kodi, kwa muda gani, na nani anaweza kumzuia. Matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha kuwa asiyezijua anaweza kupata hasara mzigo ukiwa bado baharini.

Marais wote huitwa marais, lakini madaraka yao hayafanani. Tofauti hiyo huonekana haraka zaidi kwenye bajeti, thamani ya sarafu na bei za hisa.

KENYA: SAINI ILIYOZUIWA

Juni 25, 2024, Bunge la Taifa la Kenya lilipitisha Muswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, huku waandamanaji wakivamia majengo ya Bunge jijini Nairobi. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Mpango wa kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 340 za Kenya ukaanguka.

Uwezo huo unatokana na Ibara ya 115 ya Katiba ya mwaka 2010. Rais ana siku 14 za kusaini muswada au kuurudisha Bungeni pamoja na maoni yake. Wabunge wakiyakubali maoni yote, kura za kawaida zinatosha. Wakitaka kuyapuuza, wanahitaji theluthi mbili, na hapo Rais hutakiwa kusaini katika siku 7. Asiposaini, muswada huhesabika kuwa umesainiwa.

Wenye maduka walipumua, lakini wenye hati fungani waliliona jambo hilo kwa jicho lingine. Julai 8, 2024, kampuni ya Moody's ilishusha daraja la mikopo la Kenya kutoka B3 hadi Caa1, ikieleza kuwa uwezo wa serikali wa kuongeza mapato umepungua. Kabla mwaka haujaisha, baadhi ya hatua za kodi zilirudi kwa sheria nyingine, iliyosainiwa Desemba. Aliyedhani kodi imekufa alikuwa amehesabu mapema.

Mahakama nazo zina neno. Julai 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilifuta Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, na Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo.

TANZANIA: BUNGE NA RAIS KATIKA MTUMBWI MMOJA

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema katika Ibara ya 138 kwamba hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Lakini Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia kodi mpya au matumizi mapya ya fedha mpaka Rais apendekeze kupitia Waziri. Kwa maneno mengine, mlango wa kodi una funguo mbili.

Rais anaweza kukataa kusaini muswada. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili ndani ya miezi 6, Rais ana siku 21 za kusaini, la sivyo alivunje Bunge. Anaweza pia kulivunja likikataa bajeti ya Serikali. Katiba ya Kenya ya 2010 haimpi Rais kisu hicho.

Hata hivyo kisu hicho kina makali pande mbili. Chini ya Ibara ya 38, Bunge likivunjwa kiti cha Rais nacho huwa wazi. Anayewarudisha wabunge kwa wapiga kura hurudi nao.

Kwa ushuru wa forodha, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hufuata viwango vya pamoja, ambavyo tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Mabadiliko hupitia Baraza la Mawaziri na kutolewa katika Gazeti la Jumuiya. Nchi huweza kuomba nafuu kwa bidhaa fulani, ndiyo maana gazeti hilo ni la kusomwa kila mwaka wa fedha unapoanza.

MAREKANI: MAMLAKA YA KUAZIMWA

Katiba ya Marekani imeupa uwezo wa kutoza ushuru Bunge lao, yaani Congress, wala si Rais. Rais akikataa muswada, theluthi mbili ya kila chumba huweza kumshinda. Hawezi kulivunja Bunge hata kidogo.

Lakini kwa miaka mingi Bunge hilo limemwazima Rais sehemu ya mamlaka yake. Sheria ya mwaka 1962 ilitumika mwaka 2018 kutoza chuma cha pua na cha kawaida kutoka nje asilimia 25. Aprili 2, 2025, Rais Donald Trump alitumia sheria ya dharura ya mwaka 1977 kutangaza ushuru wa kuanzia asilimia 10 kwa karibu nchi zote. Katika siku mbili, Aprili 3 na 4, kipimo cha hisa cha S&P 500 kilishuka kwa zaidi ya asilimia 10. Aprili 9 alisimamisha sehemu kubwa ya ushuru wa juu, na siku hiyo kipimo kikapanda kwa zaidi ya asilimia 9.

Mei 2025 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo iliamua kuwa sheria ya 1977 haikumpa Rais uwezo huo, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu. Mamlaka ya kuazimwa hutumika haraka, na hushitakiwa haraka.

AFRIKA KUSINI NA UFARANSA

Afrika Kusini, Rais huchaguliwa na wabunge, nao wanaweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani. Hata hivyo huteua na kufukuza mawaziri bila kuomba ruhusa. Desemba 9, 2015, Rais Jacob Zuma alimwondoa Waziri wa Fedha Nhlanhla Nene. Randi iliporomoka hadi kupita 15 kwa dola moja, na hisa za mabenki zikaanguka. Mrithi wake alidumu siku 4 tu kabla ya Pravin Gordhan kurudishwa.

Ufaransa, Rais huweza kuvunja Bunge kwa Ibara ya 12, ila si zaidi ya mara moja kwa mwaka. Emmanuel Macron alifanya hivyo Juni 9, 2024, na katika wiki moja hisa za Paris zikapoteza zaidi ya asilimia 6. Bunge jipya halikuwa na upande wenye wingi, na Desemba 4 likaiangusha serikali ya Michel Barnier kwa kura 331 kwa sababu ya bajeti.

MAMBO YA KUANGALIA

Kabla ya kufunga oda kubwa au kununua hati fungani, mfanyabiashara ajiulize maswali manne:

1. Kodi hii imepitishwa na Bunge, au ni tangazo la Rais peke yake? La pili hubadilika usiku mmoja.

2. Saini imewekwa? Muswada uliopitishwa bado si sheria, wala si wa kupandishia bei.

3. Kuna kesi mahakamani? Kama ipo, risiti za kodi zitunzwe.

4. Nani humfukuza Waziri wa Fedha? Pale Rais anapoweza kufanya hivyo peke yake, mwenye akiba ya sarafu moja ana sababu ya kuigawa.