Herufi nane zinazoleta fedha Tarime

Shule zikifungwa Desemba, nyumba salama za Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti hupokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Chakula na magodoro havisubiri. Rafiki wa Ujerumani anaweza kuwa ametuma mchango, lakini huku benki wanasema hakuna kilichoingia. Ndiyo maana tunaona vema waamini na waseminari wenzetu tuifahamu ile sehemu ya fomu iliyoandikwa SWIFT au BIC. Ni majina mawili ya kitu kimoja.

SWIFT ni ushirika wa benki ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973. Hausafirishi fedha, bali ujumbe kati ya benki na benki, na kila benki ina msimbo wake. Tuutazame wa CRDB: CORUTZTZ. Herufi nne za kwanza ni benki yenyewe, TZ inayofuata ni nchi, na mbili za mwisho ni mahali. Wa NMB ni NMIBTZTZ. (Hata Vatikano ina herufi zake, VA.) Msimbo ukiwa na alama 11, tatu za mwisho ni za tawi. Tusihangaike kutafuta wa tawi la Tarime au Mugumu. Herufi nane zinatosha.

Lakini msimbo huishia mlangoni mwa benki. Kumpata mwenye fedha ni kazi ya namba ya akaunti na jina, na jina ndilo linalotusumbua zaidi. Akaunti imefunguliwa kwa jina refu la kituo, naye mfadhili anaandika jina la padre anayemfahamu. Benki ikiona havilingani inaweza kuzizuia fedha au kuzirudisha, zikiwa zimeshakatwa gharama njiani. Basi tumpelekee jina kama lilivyo kwenye taarifa ya benki, herufi kwa herufi.

Watu wa Ulaya huulizia pia IBAN. Tanzania haiitumii; tumwambie aweke namba ya akaunti ya kawaida. Kuhusu makato, akichagua OUR, gharama anazibeba yeye. SHA ni kugawana. BEN zinatuangukia sisi.

Fedha zikichelewa, tumwombe mtumaji nakala ya ujumbe wa malipo, uliokuwa ukiitwa MT103 hadi mwaka 2025, tuipeleke kaunta. Kwa karatasi hiyo ofisa wa benki anaweza kufuatilia zimesimama wapi. Bila hiyo atatuambia tusubiri.