Je, Wajua? Simba wa Tsavo, Stelingi Asiyekufa na Kamera ya Mutomo

Je, wajua kwamba wazimu wa filamu za 3D ulioikumba Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulitokana na kisa cha jirani zetu? Filamu yenyewe ni Bwana Devil ya Arch Oboler, iliyoanza kuonyeshwa Hollywood tarehe 26 Novemba 1952. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani iliyokuwa ya rangi na ya 3D kwa pamoja, na hadithi yake ni ya simba wawili waliowala wajenzi wa reli penye mto Tsavo mwaka 1898. Mtu wa Matiliku, hapa Makueni, akiishika barabara ya Mombasa, akapita Kiboko, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei, akiuvuka tu mpaka wa kaunti ya Makueni yumo katika nchi ya simba hao. Oboler naye aliipiga sehemu kubwa ya filamu yake California.

Wakosoaji waliiponda. Tiketi zikauzwa kama njugu. Usiku ule wa kwanza, mpiga picha wa jarida la Life, J. R. Eyerman, aliwageuzia kamera watazamaji badala ya kioo: ukumbi mzima wa watu waliovalia nadhifu, kila mmoja na miwani yake ya 3D, wote wakikodoa macho upande mmoja. Picha hiyo imeishi kuliko filamu. Ilifikia hata kuwekwa kwenye jalada la toleo la Kiingereza la kitabu cha Mfaransa Guy Debord kuhusu jamii iliyotekwa na picha. Kwa hiyo mojawapo ya picha mashuhuri kabisa za watazamaji wa sinema duniani ni picha ya watu waliokuwa wakitazama habari za Tsavo.

Ukitaka kuwachokoza wapenzi wa filamu huku Ukambani, waulize wana maoni gani juu ya The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, kisa kilekile, Val Kilmer akiwa Patterson, mhandisi wa reli hiyo. Mimi naona ni filamu nzuri ya kutisha, na tuzo ya Oscar iliyopata kwa milio na sauti zake ilistahili. Ule mngurumo gizani unafanya kazi kuliko picha yoyote. Lakini mtu aliyekulia karibu na mbuga hapewi simba yeyote tu akaridhika. Simba wa kwenye filamu wana manyoya marefu ya shingoni. Wale halisi hawakuwa nayo, kama walivyo madume wengi wa Tsavo hadi leo. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na simba wawili wakubwa walioigiza, Caesar na Bongo, walitoka bustani ya wanyama ya Bowmanville nchini Kanada. Tena yule mwindaji Remington, aliyeigizwa na Michael Douglas, hakuwahi kuishi. Alibuniwa na mwandishi William Goldman.

Simba wenyewe wapo. Patterson aliwaua Desemba 1898, akazitumia ngozi zao kama mazulia kwa miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Walila watu wangapi? Hapa ndipo ubishi unapokolea. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson alitaja vibarua 28 wa Kihindi, akaongeza kwamba waliliwa pia Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka hesabu yao rasmi. Baadaye akapandisha idadi hadi 135. Mwaka 2009 wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria watu 35 hivi. Na mwaka 2024 kundi jingine, wakiwemo watafiti wa Kenya, lilichomoa vinyweleo vilivyonasa kwenye meno yao yaliyovunjika. Vipimo vya DNA vikaonyesha twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia na binadamu. Yaani zaidi ya miaka 120 imepita, na chakula cha mwisho bado kimo mdomoni.

Linaloniuma ni wale wasiohesabiwa. Kila filamu iliyotengenezwa juu ya kisa hiki humfuata mhandisi. Wenyeji wa nchi hii walioliwa hawana hata orodha ya majina, na mpaka leo sijaona filamu iliyowafanya wao kuwa ndio kisa.

Je, wajua pia kwamba ardhi ya Makueni ilikuwa na mwindaji ambaye kitabu chake kiliingia sinema? J. A. Hunter, Mskoti, ndiye aliyetumwa na serikali ya kikoloni kati ya mwaka 1944 na 1946 kuua vifaru wa Makueni ili Wakamba wapate mahali pa kulima. Aliua takribani elfu moja. Baadaye akajenga Hunter's Lodge pale Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Mwaka 1959 ikatoka Killers of Kilimanjaro, ikitajwa kwamba imetokana na kitabu chake African Bush Adventures, Robert Taylor akiwa stelingi. Nayo imeishia kuwa hadithi ya reli na simba. Vifaru elfu moja walioondolewa duniani ili mashamba yetu yapatikane, hilo halimo, na kwa maoni yangu ndilo lingekuwa filamu.

Nimesema stelingi, basi nisiipite sheria ambayo kila mtoto wa kibanda cha video anaijua: stelingi hafi. Adui wanaweza kuwa mia, risasi zikamiminika, yeye atajikung'uta vumbi. Atakayekutangulia kuiona filamu na akakuambia stelingi amekufa, unamkatalia mpaka uione mwenyewe. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2018, imeichukua sheria hiyo ikaitia majaribuni kwa namna isiyosahaulika. Jo ni msichana mdogo mgonjwa asiyetarajiwa kupona, mpenzi mkubwa wa filamu za mashujaa. Kijiji kizima, pamoja na jamaa anayeonyesha filamu pale, kinaamua kutengeneza muvi ambayo stelingi ni yeye. Ninawajua watu wazima waliokaza uso hadi mwisho wakashindwa.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012 nayo inaanzia kijijini, kwa Mwas, kijana anayeuza DVD kwa kuwaigizia wateja vipande vya filamu papo hapo, ngumi na vilio pamoja. Joseph Wairimu aliyemwigiza alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la Durban mwaka huohuo, na filamu ikawa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar. Watu husifu sehemu za mjini. Mimi nashikilia kwamba dakika zile za kuuza DVD ndizo zenye ukweli mwingi zaidi, kwa sababu ndivyo filamu zilivyosafiri: mtu mmoja kaiona, kaja kuisimulia vizuri kiasi kwamba wewe ukatoa hela.

Usimulizi huo umekuwa kazi kamili, msimulizi akiisemea filamu inapoonyeshwa. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Uganda ina akina VJ, Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake ya Kiswahili cha mtaani imewafanya Wachina, Wahindi na Wamarekani wagombane kama watu wa stendi ya matatu. Wapo wanaolalamika kwamba haitafsiri filamu bali anaiandika upya. Ni kweli, na ndiyo sababu muvi moja inaweza kutazamwa mara kumi.

Wala si jambo la juzi. Enzi za filamu zisizo na sauti, Japani ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya kioo na kuzisemea picha. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao, na benshi mwenye jina zuri aliweza kuvuta watu kuliko waigizaji. Huku kwetu, kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri kwenye milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Sauti ilikuwa kwenye sahani za gramafoni, hivyo picha zilezile zikaweza kusimuliwa kwa Kiswahili leo na kwa Kiganda kesho.

Na hiki cha Uganda hakina mfano: Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana kitongojini Wakaliga, Kampala, haipo tena bila msimulizi. Nabwana alilazimika kuifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi nyingine. Nakala iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, na dunia nzima inaijua hivyo.

Nimeiacha mwisho ile ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ni ya huku hasa. Thank You for the Rain ya mwaka 2017 ilitengenezwa na Julia Dahr wa Norway pamoja na Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, kaunti ya Kitui. Kisilu alipewa kamera, akairekodi nyumba yake na kijiji chake kwa miaka kadhaa: ukame, mvua inayokataa, kisha dhoruba inayong'oa paa la nyumba huku yeye mwenyewe akishika kamera. Anawakusanya majirani wapande miti. Mkewe anabeba mzigo wa nyumbani, na filamu hailifichi hilo. Mwaka 2015 Kisilu anafika Paris kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, mkulima kati ya watu wa suti.

Sehemu ya Paris ina uzito wake, lakini mimi hurudia ile ya mikutano ya kikundi kijijini. Mtu wa Matiliku, mwenye udongo uleule na mvua ileile ya kubahatisha, ana haki ya kuitazama na kusema kama ushauri wa Kisilu unafaa shambani kwake au haufai. Ingekuwa hiari yangu, ingeonyeshwa Matiliku siku ya soko, jioni, kwa sauti ya Kikamba, na watu waachwe wabishane hadi usiku.