Siku Moja Mji Mkongwe

Mama, ukiwapeleka watoto Zanzibar, msiishie ufukweni. Tafuta mwongoza watalii mwenye kitambulisho, mwanze asubuhi kabla jua halijawa kali. Vaeni nguo za heshima, kwani vichochoro vile vinapita milangoni mwa watu.

Anzieni Forodhani, penye Ngome Kongwe. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Watoto watapenda milango ya nakshi. Waeleze pia kuwa utajiri wa mji ule ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na jasho la watumwa.

Kisha nendeni Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa mahali pale. Nje kuna sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998.

Hapo usiwaharakishe. Mtoto akiuliza, “Mama, na watoto waliuzwa?” usimkwepe. Mjibu kweli: ndiyo, waliuzwa. Kisha mshike mkono, mkae kivulini, aulize yote aliyo nayo. Urojo wa Forodhani utawangoja hadi jioni.